Je, niwatangazie wanafunzi wangu kwamba mwenzao ana usonji?

*"Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tatu katika shule ya msingi ya serikali, Dar es Salaam. Nina wanafunzi 82. Mwaka huu nimepokea mtoto wa kiume wa miaka 9 ambaye hospitali ya rufaa ilimwambia mama yake kuwa ana usonji. Kusoma anasoma vizuri tu, hesabu ndiyo usiseme, na vituo vya daladala anavijua kuliko konda. Lakini kengele ikilia anaziba masikio na kupiga mayowe, hasalimii watu, na mara nyingine ukimuuliza jambo anakujibu kwa tangazo la redio. Wenzake wanamwita zezeta na chizi. Wazazi wawili wamekuja kuniomba niwatoe watoto wao kwenye dawati lake wasije wakaambukizwa. Nimempa kiranja, binti mmoja mtulivu, kazi ya kumwangalia muda wote. Tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, nataka nimsimamishe mbele niwaeleze wenzake hali yake ili wamwonee huruma. Mama yake anasitasita. Nifanyeje?"*

Mwalimu, nianze na jibu fupi: usimsimamishe mbele. Mama anasitasita kwa sababu ya msingi, na hata angekubali leo, mtoto mwenyewe bado hajaulizwa. Wenzake wanahitaji kufundishwa, tena wasisubiri Aprili. Ila kuwafundisha watoto kuhusu tofauti za watu ni jambo moja, na kumgeuza mtoto mmoja kuwa zana ya kufundishia, kama ramani iliyotundikwa ukutani, ni jambo jingine kabisa.

Nikikuelewa vizuri, unachohofia ni kwamba wanamtesa kwa kuwa hawamwelewi, na unatumaini wakielezwa wataacha. Hofu yako ni ya kweli. Tumaini lako ndilo lina walakini. Mtoto wa miaka 9 habadiliki kwa hotuba. Anabadilika akiona mwalimu wake anavyomtendea huyo mwenzake kila siku, na akipewa kazi ya kufanya naye ambayo bila yeye haikamiliki. Maelezo yanasaidia yakija katikati ya hayo mawili. Yakija peke yake yanazaa jina jipya la utani. Limwage neno usonji darasani Jumatatu bila maandalizi, na Alhamisi utalisikia uwanjani: "We usonji, lete mpira!"

Hao wazazi wawili tuwamalize mapema. Usonji hauambukizi. Ni namna ubongo unavyokua tangu mtoto akiwa tumboni, na sehemu kubwa ya chanzo chake iko kwenye vinasaba. Hauletwi na malezi ya mama, wala hauletwi na chanjo. Daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alidai mwaka 1998 kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Mwaka 2010 jarida lililochapisha makala yake liliifuta, naye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Na wakija wanaosema ni mapepo, familia ina haki ya kusali na kuomba dua inavyopenda, mradi dua isichukue nafasi ya kliniki na mtoto asifungwe, asinyimwe chakula wala asichanjwe chale ili "atolewe kitu". Wazazi hao uwajibu hivi tu: "Kwenye dawati lile hakuna ugonjwa wowote wa kuambukiza, na simhamishi mtu kwa sababu hiyo." Hapo umejibu bila kutaja hali ya mtoto wa mwenzao, ambayo huna ruhusa ya kuitaja. Na usihamishe mtu kweli. Ukihamisha wawili, wale 80 waliobaki watakuwa wamejifunza somo lao la kwanza kuhusu usonji, na si lile ulilokusudia.

Sasa tuje kwenye kinachotokea ndani ya mtoto, maana huwezi kuwafundisha wengine usichokielewa.

Wewe na mimi tukikaa kwenye chumba chenye kelele kwa dakika tano, ubongo unaanza kuzichuja. Feni, gari barabarani, mtu anayekohoa: vyote vinarudi nyuma na sauti ya anayeongea inabaki mbele. Kwa watoto wengi wenye usonji mchujo huo haufanyi kazi hivyo. Kila sauti inabaki mbele, na nyingine inaingia kwa nguvu ya kuumiza. Fikiria mtoto huyu tangu saa mbili asubuhi: watoto 82, mabenchi yanaburuzwa, darasa la pili wanaimba jedwali kwa pamoja upande wa pili wa ukuta, kola ya sare inamkwaruza shingo. Ikifika saa nne, mtu akagonga ringi ya gari kwa nondo hatua kumi kutoka dirishani, wewe unasikia kengele ya mapumziko. Yeye ameshajaa tangu saa tatu, na kengele ndiyo tone la mwisho. Yale mayowe si deko wala kiburi. Mtoto anayedeka hukutazama kama unamwona, na ukimpa anachotaka ananyamaza. Aliyezidiwa hana habari kama unamtazama, na huwezi kumhonga atulie.

Kujitikisa au kupunga vidole mbele ya macho ni njia ya mwili kujituliza, kama wengine wanavyotikisa mguu kwenye mtihani. Usimzuie isipokuwa anajiumiza. Lile tangazo la redio nalo lina maana zaidi ya linavyosikika. Watoto wengi wenye usonji hujifunza lugha kwa vipande vizima, kisha hukitumia kipande mahali kinapokaribiana na hisia zao. Akisema tangazo la soda kila anapoona foleni ya uji, huenda anakwambia ana kiu. Sikiliza analitumia wakati gani, utaanza kulitafsiri.

Halafu kuna salamu, ambayo kwetu ni mzigo mzito. Mtoto asiyesema "Shikamoo" anahesabiwa hana adabu kabla hajafungua mdomo kwa jingine. Kwa mtoto mwenye usonji, salamu ni mambo manne kwa wakati mmoja: kumtambua mtu, kumtazama, kukumbuka neno linalofaa umri wake, kisha kulitoa kabla mtu hajapita. Na tunamchanganya zaidi kwa macho. Nyumbani tunamfunza kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu, shuleni tunamwamuru "Nitazame ninapozungumza na wewe!" Mtoto wa kawaida anaelewa bila kuambiwa wapi atumie ipi. Huyu hajaambiwa, na hawezi kubahatisha. Wapo wengi wanaosikia vizuri zaidi wakitazama chini.

Usidhani kazi yote ya kuelewana ni yake. Mwaka 2012 mtafiti wa Uingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba tatizo hili lina pande mbili: mwenye usonji anashindwa kutusoma, na sisi tunashindwa kumsoma yeye, ila lawama tunambebesha peke yake. Ndiyo maana nasema wafundishwe wenzake 81 kumsoma. Hilo neno huruma, Mwalimu, liache. Anayeonewa huruma hachaguliwi kwenye timu.

Kabla ya kufundisha chochote, chukua daftari na uchore safu tatu: kabla, wakati, baada. Kwa siku tano za shule, kila anapopiga mayowe, kukimbia au kusukuma mtu, andika saa, nini kilitangulia, alifanya nini, na wengine walifanya nini baada ya hapo. Safu ya tatu usiiruke. Hapo ndipo mara nyingi utagundua jambo linalowaponyoka walimu wengi: kwamba kuna watoto wawili watatu wanaomwasha makusudi. Wameshajua kwamba ukikwaruza rula kwenye benchi analipuka, na kwao hiyo ni sinema ya bure. Mwalimu anageuka kutoka ubaoni akikuta mmoja tu anapiga kelele, na anayeadhibiwa ni huyohuyo.

Daftari litakuonyesha pia marekebisho madogo ambayo hayahitaji bajeti. Kengele: funga tambara kwenye nondo ya kugongea, na umwonyeshe saa au umguse begani dakika mbili kabla haijagongwa, kama anavumilia kuguswa. Kukaa: mwondoe katikati ya dawati la watu watatu. Mweke pembeni, upande wa ukuta, mbali na mlango. Foleni ya uji: watoto husukumana kwenye foleni isiyo na mstari, na yeye haoni foleni, anaona rundo la watu. Panga mawe au chora duara za chaki, kila duara mtu mmoja, naye apewe duara lake lilelile kila siku. Makofi: badala ya makofi ya kilo kila mtu anapojibu vizuri, fundisha darasa zima makofi ya viziwi, mikono juu ikipepea bila sauti. Watoto wanayapenda kupita maelezo, na hakuna atakayejua yameletwa kwa ajili ya nani.

Kuhusu salamu, anza wewe kesho asubuhi. Akiinua kiganja badala ya kusema "Shikamoo", mjibu "Marahaba" kwa sauti ileile unayowajibu wengine, darasa likisikia. Usieleze kitu. Ukirudia wiki mbili, watoto wenyewe wataanza kumwinulia viganja.

Baada ya hapo ndipo lije somo lenyewe, kipindi kimoja, siku ya kawaida. Usilifanye tarehe 2 Aprili. Siku hiyo iliwekwa na Umoja wa Mataifa ili ulimwengu uelewe, lakini ukiiadhimisha kwenye darasa lenye mtoto mmoja tu mwenye usonji, macho zaidi ya 160 yatamgeukia hata usipomtaja. Na awepo darasani kama wengine, isipokuwa amesema mwenyewe hataki. Usimtume dukani akanunue chaki ambayo haipo. Watoto wanaijua janja hiyo.

Anza na miili yao wenyewe. "Nani hapa hali bamia kwa sababu ya ule utelezi?" Mikono itanyooka. "Nani akisikia kucha zinakwaruza ubao mwili unamsisimka?" Mingine. "Nani ameshakosa usingizi usiku mzima kwa mbu mmoja tu sikioni?" Hapo wote watapiga kelele, waache wacheke. Kisha sema: "Wapo watu ambao sauti tunazozizoea sisi kwao ni mbu sikioni. Kengele ni mbu. Kelele zetu ni mbu. Lebo ya shati ni mbu. Wakizidiwa wanaziba masikio, wanajitikisa, wanakimbia. Hawana wazimu, hawana ugonjwa wa kuambukiza. Wanamfukuza mbu."

Fuatisha zoezi la dakika tatu. Mwombe mwanafunzi mmoja ajitolee, awe mchangamfu asiyeona haya. Mpachike kipande cha gunia la katani ndani ya kola. Wawili wakae kushoto na kulia kwake: mmoja amnong'oneze jedwali la tatu, mwingine majina ya siku, bila kukoma. Wewe msomee hesabu tano za kujumlisha, mara moja tu kila moja, aandike majibu. Ni minong'ono, si makelele, ili zoezi lisimuumize mtoto unayetaka kumsaidia. Atapata mbili, labda tatu. Hapa kuna mtego. Ukiishia kwenye "Umeona wanavyoteseka?" utakuwa umepanda woga na huruma, na mazoezi ya kuigiza ulemavu yanajulikana kwa kosa hilo. Swali la kuuliza ni hili: "Tungefanya nini ungepata zote tano?" Watajibu wenyewe: wanyamaze, nitolewe gunia, uniandikie ubaoni, urudie polepole, unipe muda. Andika majibu yao ubaoni kwa maneno yao. Hizo ndizo kanuni za darasa, na kwa kuwa wamezitunga wao, watazilinda kuliko zako.

Utaona sijataja usonji wala mtoto yeyote. Kutaja ni hatua ya peke yake, na ina faida na hasara. Faida ipo: utafiti wa Noah Sasson na wenzake nchini Marekani umeonyesha kwamba watu wazima humpokea vizuri zaidi mwenye usonji wakijua ana usonji, hasa kama wanaufahamu usonji wenyewe. Zingatia sharti hilo la mwisho. Jina bila uelewa ni tusi lenye cheti. Na mama ana mambo yake. Huenda hajamweleza bibi wa mtoto. Huenda anaishi nyumba ya kupanga yenye vyumba vinane na bomba moja, ambako neno la shuleni linafika kabla ya daftari la mtoto. Mwite faragha, mweleze somo la jumla utakalofundisha, mwache achague: tusitaje kabisa, tutaje sifa zake bila jina la hali, au tutaje vyote. Muulize na mtoto, kwa swali la ndiyo au hapana, kwa maandishi kama anasoma vizuri kama usemavyo: "Unataka niwaambie wenzako kwa nini unaziba masikio? Ndiyo / Hapana." Wakikubali wote wawili, taja kwa sentensi mbili, mtoto akiwa amekaa mahali pake au akiwa nje kama alivyopenda. Wakikataa, hujapoteza kitu. Somo la jumla linafanya sehemu kubwa ya kazi.

Nije kwa kiranja wako. Umemchagua kwa nia njema, lakini umemfanya yaya. Atachoka, atakosa rafiki wa kucheza naye, masomo yake yatayumba, na siku akiugua malaria mtoto hana mtu. Zaidi ya hapo, kiranja ni mtu anayeandika majina ya wapiga kelele. Wengine hawatamkaribia mtoto anayelindwa na askari. Mshukuru faragha na umpumzishe.

Badala yake tafuta watoto sita. Usiangalie vyeo wala nafasi ya darasani. Tafuta wenye mahudhurio mazuri, wanaopendwa na wenzao, wasio na papara, na kama yupo anayeishi njia moja naye, huyo ni dhahabu. Watumie watatu watatu kwa zamu za wiki mbili. Mwaka 2012 Connie Kasari na wenzake huko California walichapisha matokeo ya jaribio la watoto 60 wenye usonji katika shule za kawaida. Walilinganisha kumfundisha mtoto mwenyewe stadi za kuchangamana na kuwafundisha wanafunzi watatu wa darasa lake, dakika 20 mara mbili kwa wiki kwa wiki 6. Nafasi ya mtoto miongoni mwa wenzake ilipanda zaidi pale walipofundishwa wenzake. Dakika 20 unazipata mapumziko ya saa nne, chini ya mti.

Unawafundisha nini hasa? Cha kwanza, na kigumu kuliko vyote, ni kusubiri. Mwite jina, simama pembeni yake na si nyuma, sema sentensi moja, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Watoto huharibu hapa: wakiona kimya cha sekunde tatu wanarudia swali kwa maneno mengine. "Unataka kucheza? Eti, tucheze? Hutaki?" Kwetu hayo ni swali moja. Kwake ni matatu, na kila jipya linalifuta lile alilokuwa anaandaa jibu lake. Wafanyishe mazoezi wao kwa wao, mmoja akijifanya anafikiri, mpaka kuhesabu hadi kumi kusiwape shida.

Cha pili ni kualika kwa kitu. "Njoo tujumuike" haina picha. "Njoo tucheze drafti, nimeleta vizibo ishirini na vinne" ina picha. Drafti ya vizibo vya soda, bao, kuruka kamba kwa zamu: michezo yenye kanuni zinazoonekana na zamu zinazojulikana inamfaa. Mpira wa miguu wa watoto thelathini wanaokimbilia mpira mmoja ni vurugu hata kwa anayeupenda. Apewe kuhesabu mabao na kuyaandika, kama anataka. Cha tatu ni maneno yaliyonyooka: "Weka kalamu chini" badala ya "Hebu acha mambo yako". Ukimwambia "Fungua masikio" usishangae akiyashika. Utani wa watu wanaotaniana una utamu wake, lakini yeye aanze kutaniwa pale tu anapoonyesha anaujua. Cha nne ni kukubali "hapana" yake. Akikataa leo, aachwe, aulizwe kesho.

Halafu mpe nafasi ambayo darasa linamhitaji. Umesema anajua vituo vya daladala. Kwenye Jiografia na Mazingira gawa makundi ya watu sita, kila kundi lichore njia moja, tuseme Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo. Kila mtu awe na kipande kimoja tu cha kazi ambacho mwingine hana: mmoja ana orodha ya vituo, mmoja anachora barabara, mmoja anaandika alama, mmoja anakokotoa nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, mmoja anapaka rangi, mmoja anawasilisha. Orodha iko kichwani mwake. Bila yeye ramani haina vituo. Namna hii ya kugawa vipande ilianzishwa na Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipokuwa zikichanganya watoto weusi na weupe waliokuwa hawapatani, na siri yake ni kwamba huwezi kumdharau mtu mwenye kipande unachokihitaji kupata maksi. Kinachoharibu ni mwalimu kumpa kipande cha kumridhisha, kama kushika kifutio. Watoto wanakiona.

Akiitwa zezeta mbele yako, sahihisha papo hapo, kwa sentensi fupi na sauti ya chini: "Ana jina. Mwite tena." Kisha endelea na somo. Usimchape mtu kwa sababu yake. Fimbo iliyopigwa kwa jina lake italipwa naye njiani kwenda nyumbani. Wale wanaomwasha kwa rula waondolee sinema: watenganishwe, na wewe usikimbilie mayowe kwa vishindo. Ikiendelea baada ya wiki mbili, huo ni uonevu kama uonevu mwingine, upeleke kwa mwalimu wa malezi na wazazi wao.

Siku akilipuka, darasa liwe linajua la kufanya kabla. Mmoja anakuita, wawili wa jirani wanasogeza benchi apate nafasi, wengine wanarudisha macho kwenye daftari. Hakuna kumzunguka, kumshika, kummwagia maji wala kumuuliza maswali. Akikimbia nje, anayemfuata ni mtu mzima. Mtoto asimkimbize mtoto, maana anayekimbizwa anakimbilia barabarani. Kutulia kwaweza kuchukua nusu saa au zaidi, na kuombana radhi kunasubiri hapo.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Mtoto aliyekuwa anaendelea vizuri akibadilika ghafla, tafuta maumivu kwanza: jino, sikio, tumbo. Wengi hawasemi panapouma. Akiduwaa kwa sekunde kadhaa bila kusikia akiitwa, au akikakamaa na kutikisika, apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa sababu kifafa kinawapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine. Vilevile akijigonga kichwa, akipoteza stadi alizokuwa nazo, au akikataa chakula mpaka akapungua. Kwa mambo ya ujifunzaji, mwandikie afisa elimu maalumu wa halmashauri kupitia mwalimu mkuu na uombe atembelee darasa akiwa na daftari lako la safu tatu mkononi. Ukiwa na maandishi hutajibiwa kwa maneno ya jumla. Kwenye hospitali za Muhimbili, Dar es Salaam, na KCMC, Moshi, wapo wataalamu wa tiba kwa vitendo, wanaomsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, ambao ndio wa kuwauliza kuhusu masikio na mavazi. Na ukiona alama za kupigwa au dalili kwamba anafungiwa nyumbani, nenda kwa afisa ustawi wa jamii au piga 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto.

Mwisho, usipime mafanikio kwa kuuliza "Mnampenda?" Watajibu "Ndiyooo!" kwa pamoja. Kabla hujaanza, waambie kila mtu aandike kwa siri majina matatu ya wenzake ambao angependa kukaa nao. Usiulize wasiotaka kukaa nao. Rudia baada ya wiki sita, utazame kama jina lake limeanza kutokea. Likitokea kwenye karatasi mbili, hizo ni mbili zaidi ya mwanzo. Na ukimkuta mapumzikoni peke yake chini ya mti, akijitikisa taratibu na uso umetulia, usimtumie mtu. Tangu saa mbili amekaa na watu 82, huenda hapo ndipo anapopumzika. Darasa nalo lijue hivyo.

Jumatatu usianze yote. Anza na "Marahaba" yako, tambara kwenye nondo, na daftari.